Barua Yangu Ilikuwa na Mhuri

Kila mwaka mitihani ya kidato cha sita ikiisha, wasichana wawili au watatu hunisubiri nje ya ofisi ya walimu, mmoja akimsukuma mwenzake atangulie kusema. Swali lao nalijua kabla hawajafungua mdomo.

"Shikamoo, mwalimu. Eti dini inaweza kumtoa mtu jeshini?"

"Marahaba. Kaeni kwanza."

Nafundisha uraia hapa Sumbawanga, na kwa tabia yangu napenda kueleza jambo polepole mpaka aliyeuliza apumue. Nawaambia kwamba anayemaliza kidato cha sita hupangiwa kambi ya mafunzo ya jeshi kwa mujibu wa sheria, awe mvulana au msichana. Majina hutoka, na kambi yaweza kuwa mbali na kwao. Mgonjwa husikilizwa, mjamzito husikilizwa. Kuhusu dini, nawaambia, mimi sijawahi kuona mstari ulioandikwa kwamba msichana wa imani fulani asiende. Nilichowahi kuona ni meza, mtu aliyekaa nyuma ya meza, na barua.

Wanadhani nimeyasoma hayo mahali. Huwa nawaacha wadhani hivyo.

Mwaka wetu majina yalipotoka, mimi nilikuwa nyumbani Mpui, kwa mama yangu. Niseme mapema kwamba bunduki haikunitisha hata kidogo. Watu wakisikia kwamba mtu aliomba kuachwa kwa sababu ya dini, hudhani ana dhamiri laini. Mimi nilitamani kuishika hiyo bunduki, japo mara moja, nipigwe picha. Nilichoogopa ni mbio. Nilikuwa mnene na mzito wa kuamka, na binamu yangu aliyetangulia alikuwa amerudi kutoka kambini uso umebabuka, akitusimulia mchakamchaka wa alfajiri na kutambaa kwenye tope huku afande akikuita majina ambayo mama yako hakukupa. Nilimwambia mama siendi.

Mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua macho.

"Wewe si ulikuwa unasema unataka usista?"

"Mama, hiyo nilikuwa darasa la tatu. Mwaka uleule nilitaka kuwa dereva wa lori."

"La lori hukumwambia padri. La usista ulimwambia."

Basi. Hakuna aliyetamka neno uongo kati yetu. Tulikubaliana tu kwamba nilichowahi kumwambia padri nikiwa na miaka tisa kilikuwa bado kinahesabika, na kwamba barua ya parokia ya kusema naingia utawani ingetosha kuniepusha na kambi.

Kwetu Ufipa, padri hampi barua mtu aliyejitokea tu njiani. Unaanza na jumuiya, yaani zile familia chache za jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba kila wiki. Mwenyekiti wa jumuiya anaandika kwamba anakufahamu, kisha unakwenda kigangoni, kanisa dogo la kijiji, na mwisho parokiani, kwenye mhuri. Hata ubatizo wa mtoto hupita njia hiyo. Mimi na mama tulidhani tutaipita kimyakimya, tuchukue karatasi yetu na kuondoka. Mgeni asingekosea hivyo. Sisi tulikuwa tumezoea barua za jumuiya mpaka tukasahau kwamba barua hizo huandikwa na watu.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama wa makamo, mkulima, mwenye sauti ya kuongoza rozari bila kipaza sauti. Nilipomwambia nataka barua kwa sababu naingia utawani, alikaa chini kwenye kizingiti cha mlango wake, palepale, akalia.

"Jumuiya yetu haijawahi kutoa sista," alisema. "Hata mmoja."

Siku tatu baadaye wanajumuiya walikuja kwetu na vigelegele, ulezi kwenye ndoo, kuku, miche ya sabuni na kanga mbili. Wakatangaza kwamba wanaanza novena, siku tisa za kuniombea wito wangu usiyumbe. Mama mmoja mcheshi alinipima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Huyu na huo mwili, masista watanunua kitanda kipya!"

Tukacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha bibi mmoja, jirani wa nyumba ya tatu, akafungua furushi alilokuwa amelipakata. Ndani kulikuwa na shuka jeupe, jipya, mikunjo yake bado mikali.

"Masista hulalia meupe," alisema. "Hili nililiweka la kunizikia. Chukua, mwanangu. Nitapata jingine."

Nilipiga goti, nikalipokea. Ningeweza kusema hapo. Watu walikuwa wanacheka na kunywa togwa, na nadhani wangenisamehe kwa urahisi. Niliposimama nilisema asante, bibi.

Paroko aliniuliza swali moja tu: wito ulianza lini? Nikasema, tangu Komunyo ya Kwanza, Baba. Alinitazama kwa muda, akachukua mhuri, akagonga. Wino ukatoka hafifu, akagonga tena.

Nilikuwa na rafiki niliyekaa naye dawati moja kidato cha tano na cha sita. Wazazi wake walikuwa watu wa Mbeya waliohamia Sumbawanga kwa biashara ya vitenge. Walisali katika kikanisa kidogo, chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, siku ya Jumapili mashine ikiwa imezimwa. Katika kikanisa hicho mwanamke havai suruali, na hakuna mtu, mwanamke wala mwanaume, anayeshika silaha. Hawakulihubiri hilo barabarani. Waliliishi tu. Siku za michezo rafiki yangu alikimbia na sketi yake ndefu ikimpiga miguuni, na bado alimaliza wa kwanza, nasi wenye bukta tukimfuata tukihema. Siku nzima ya mchakamchaka isingemtoa jasho. Jeshini yeye hakuogopa chochote isipokuwa vile vitu viwili.

Na alikuwa na sauti nzito ya pili kwenye kwaya. Hilo nalitaja kwa sababu lina mahali pake mbele.

Mzee wa kanisa lao alikuwa fundi baiskeli. Alimwandikia barua kwenye karatasi ya daftari, mistari ameinyoosha kwa rula, na pembeni dole gumba lake lilikuwa limeacha alama ya grisi. Tulipokutana asubuhi ile mjini ili twende pamoja kwenye ofisi ya wilaya iliyopokea maombi ya kuachwa, alinionyesha.

"Ona, na sisi tuna mhuri wetu," alisema akicheka.

Mimi yangu ilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki. Hakuuliza inasema nini. Alijua kuliko padri kwamba sina wito wowote. Yeye ndiye aliyekuwa akinifichia barua za mvulana wa mchepuo wa sayansi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, na benchi la kusubiria lilikuwa humohumo ndani, kwa hiyo kila mmoja alisikia shida ya mwenzake. Mwenye meza alikuwa baba wa makamo, mtaratibu, aliyechoka. Sina neno baya juu yake. Rafiki yangu aliitwa kabla yangu. Alipiga goti kidogo, akaitoa barua, akaikabidhi kwa mikono miwili kama tunavyompa mkubwa kitu.

Yule baba akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Mhuri uko wapi?"

"Hatuna mhuri, afande."

"Mimi si afande, binti yangu. Afande utamkuta kambini."

Benchi likacheka. Naye akatabasamu kidogo, akafuta alama ya grisi kwa kidole kama vile itatoka.

"Sasa kila mtu akija na karatasi ya daftari, mimi nitajuaje? Jana kaja mmoja anasema dini yake inamkataza kuamka mapema."

Wakacheka tena.

"Mimi kuamka naamka, mzee," alisema rafiki yangu. "Na kukimbia nakimbia. Ni suruali na silaha tu. Nikipewa jembe miezi yote hiyo nitalima."

Yule baba akaweka kalamu chini. Nakumbuka hivyo kwa sababu ndipo nilipojua kwamba alikuwa ameanza kumsikiliza.

"Kuna mtu wa nje ya kanisa lenu anayekufahamu? Anayeweza kusema, kweli, huyu ndivyo alivyo, hakuanza jana?"

Rafiki yangu akageuka akanitazama.

"Hapa ndani yupo anayemjua huyu binti?" yule baba akauliza, sasa akituambia sisi wa kwenye benchi.

Nilikuwa nimekaa naye miaka miwili. Nilimwona akikimbia na ile sketi. Nilimwona akikataa kusimama kwenye igizo la shule kwa sababu alipewa bunduki ya mti. Maneno yangu matatu yangetosha: ndiyo mzee, namfahamu. Lakini nilijua angefuatia kuniuliza, na wewe je, umeleta nini? Karatasi yangu ingewekwa kando ya ile ya kwake, mezani, na mtu mwenye macho angeziangalia zote mbili.

Nilitazama viatu vyangu. Alinitazama mara ya pili, nilihisi, kisha akageuka. Hakuninyooshea kidole. Angeweza.

"Basi nenda, binti yangu," alisema yule baba. "Ukifika kambini uwaeleze wao." Akaiweka barua ya fundi baiskeli ndani ya jalada, akaita anayefuata.

Anayefuata nilikuwa mimi. Aliuona mhuri kabla hajasoma neno, akainuka nusu kutoka kitini.

"Aa, sista mtarajiwa! Utuombee na sisi."

Akaandika kwamba nimeahirishiwa. Sidhani kama dakika tano zilipita.

Nje rafiki yangu alikuwa ananisubiri. "Umepata?"

"Nimepata."

"Hongera," akasema. Tukatembea pamoja mpaka sokoni, na hapo akakata kona kwenda kwao.

Miezi ile ya baridi nilikaa Mpui nikivuna na kusali. Sikuwa na ujanja. Jumuiya iliniweka mbele kila wiki, nikapewa kusoma somo, nikapewa kuongoza sala. Watoto walianza kuniita sista. Upepo wa Ufipa wakati huo hukausha midomo, nami nilikuwa na kisingizio cha kutoongea sana.

Alirudi tukiwa tunapura ulezi. Alishuka kwenye gari la mizigo lililokuja kuchukua mahindi, akaja moja kwa moja uani. Alikuwa amekonda, mweusi zaidi, nywele zimenyolewa. Mama alimpa kigoda na uji. Alisubiri mama aingie ndani.

"Nilivaa," alisema. "Wiki ya kwanza nilikataa, wakanipeleka jikoni, nikasema afadhali. Wiki ya pili afande mmoja mwanamke akanikalisha chini, akaniambia, mwanangu, huku nje hakuna anayekuja kukutetea. Nikavaa. Na bunduki nilishika. Siku ya shabaha nilifumba macho, sijui risasi zilikwenda wapi."

Nilimwambia pole.

"Hilo si lako. Nilivaa kwa mikono yangu. Nimekuja kwa jambo jingine."

Akanieleza. Wazee wa kanisa lao walikuwa wamemweka kiti cha nyuma, cha waliotengwa, na kwaya wamemsimamisha. Suruali na bunduki wangeweza kusamehe, kwa sababu alilazimishwa. Lakini wao walikuwa wamemwandikia barua. Na kwa mawazo yao, serikali ikipewa barua ya kanisa inaisoma na kumwacha mtu. Kwa kuwa hakuachwa, basi hakuipeleka: aliona aibu na ile karatasi ya daftari, akaitupa njiani, akaikana imani yake mwenyewe. Barua yenyewe ilibaki kwenye jalada. Hakuwa na la kuwaonyesha.

"Njoo Jumapili," alisema. "Neno moja tu. Waambie uliniona nikiitoa. Mimi siwezi kukaa nyuma pale maisha yangu yote kwa kitu ambacho sikufanya."

"Nitakuja."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Jumapili hii."

Sikwenda. Jumapili ile nilijiambia nina Misa, na kweli nilikuwa nayo. Lakini Misa huisha, na magari ya kwenda mjini yalikuwepo. Niliogopa wangeniuliza, na wewe ofisini ulifuata nini? Jibu langu lingesikika mjini Jumatatu, na kabla ya wiki kwisha lingepanda gari lilelile la mahindi na kufika kwa mwenyekiti wa jumuiya yangu. Ile novena. Lile shuka. Niliona ni afadhali yeye akae kiti cha nyuma kidogo kuliko mimi nitazamwe na bibi yule. Nilitumia neno hilo, "kidogo".

Jumapili iliyofuata nayo ikapita. Kisha nafasi yangu ya chuo ikatoka, nikaenda kumwambia mwenyekiti kwamba nimetafakari, nimeona sina wito. Nilijiandaa kwa matusi. Alinishika mkono.

"Anayeita ni Mungu, mwanangu. Wewe usijilaumu. Soma, utatufundishia watoto."

Hakuna aliyedai kanga wala ndoo. Shuka nililalia chuoni miaka yote mitatu. Bibi alifariki nikiwa mwaka wa pili, sikuweza kusafiri, na mpaka leo sijauliza alizikwa na nini.

Nilirudi Sumbawanga nikiwa mwalimu. Ilinichukua mwaka mzima na zaidi kupita mtaa wa vitenge, na nilipopita nilijua nitamkuta. Alikuwa ametoka Kasesya, mpakani, siku hiyo, anafungua robota la vitenge, mdomoni ameshika kipande cha kamba.

"Mwalimu!" akasema, akaitoa kamba. "Nilisikia umerudi. Unanunua au umekuja kuungama?"

Alisema kwa utani, lakini mimi nikaanza kulia palepale dukani. Akanivuta nyuma ya robota, akanikalisha. Nilimweleza yote, hata yale aliyokuwa anayajua. Nikamwambia Jumapili hii ninakwenda kanisani kwao, nisimame mbele ya wazee, niseme niliiona barua ikitolewa, na niseme pia ya kwangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Usije."

"Lazima nije. Ni deni."

"Hujui kilichotokea. Nilikaa kiti cha nyuma mwaka na nusu. Mama yangu alikuwa anaumwa, haongei na mtu, anaona aibu kwa ajili yangu. Wazee wakasema, ungama tu kwamba uliitupa, yaishe. Nikaungama."

"Lakini hukuitupa."

"Nikasimama mbele ya kanisa zima, nikasema niliitupa barua kwenye mtaro karibu na stendi. Nikataja na mtaro. Wakaniombea, wakanirudishia kwaya siku ileile." Alikuwa anakunja kitenge, ncha kwa ncha. "Mama amekufa akijua mwanawe alikosa, akatubu, akasamehewa. Sasa wewe uje useme niliipeleka. Utakuwa umewaambia nini? Kwamba nilidanganya nikiwa naungama. Hicho ndicho kitakachobaki."

Niliuliza, sasa nifanye nini.

"Hakuna," alisema. Hakusema kwa ukali. "Nilikutazama mara mbili siku ile. Ungesema wakati ule, au Jumapili ile. Sasa hivi hakuna."

Mteja akaja, akamhudumia, akarudi. Nikamwomba kitu kimoja: naweza kuandika? Alifikiri.

"Andika. Usinitaje. Wala kanisa usilitaje, wala mzee."

Ndiyo maana humu hamna jina la mtu yeyote.

Wasichana wanaonisubiri nje ya ofisi, siwaandikii barua. Namwuliza kila mmoja, peke yake, kama jambo analolisema ni la kweli kwake au ni mbio anazoziogopa. Wa mbio nawaambia wanaanza kukimbia kesho, na mimi nitawahesabia mizunguko. Akiwepo wa kweli, naenda naye, nakaa kwenye benchi, na yule wa mezani akiuliza nani anamfahamu, nasimama. Wakati mwingine inasaidia na wakati mwingine haisaidii. Kwa rafiki yangu hailipi chochote, na yeye mwenyewe ameshaniambia hivyo.

Jumapili nikitoka Misa ya kwanza hupita njia ya mashine ya kusaga. Mlango wao huwa wazi, na sauti yake ya pili naitambua. Siingii. Humo ndani wote wanajua kwamba aliitupa barua mtaroni karibu na stendi.

Hakuitupa. Aliikabidhi kwa mikono miwili. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi, nikamwona.